Sura ya Sita: Goli Moja, Kelele Tatu

Jumamosi jioni Malaba, matrela yamepangana kutoka lango la forodha kurudi nyuma kuelekea Amagoro, injini zimezimwa, madereva wameteremka kunyoosha miguu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mama mmoja auzaye chai na chapati kando ya barabara. Mara kelele zikalipuka hotelini nyuma yetu, kwenye dishi. Goli. Madereva wawili walioinamia simu zao karibu nami hawakutikisika. Kwenye kioo cha aliyekuwa jirani yangu, mpira ulikuwa bado unapigwa pasi katikati ya uwanja. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilipopita 30, yule wa kwanza akaruka, chai ikamwagika mezani. Mwenzake, mwenye laini ya Uganda, alibaki akitazama kiduara kikizunguka. Ilipita karibu dakika nzima tangu kelele za hotelini ndipo naye akanyanyua mikono, peke yake, wenzake wakiwa wameshaketi.

"Hapa goli moja hufungwa mara tatu, mwanangu," mama akaniambia huku akifuta meza.

Sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Nimelitafuta jibu tangu hapo, nami nasadiki sasa kwamba kila moja ya kelele zile tatu ilikuwa na safari yake, na kwamba anayezielewa safari hizo ameelewa kwa nini mpira wa moja kwa moja ni mzigo mgumu kuliko mingine yote inayobebwa na intaneti.

Kilichonisumbua zaidi ni mahali penyewe. Nyaya za baharini zinazoileta intaneti Kenya huibukia Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, LION2 tangu 2012, kisha DARE1 na PEACE zilizofuata. Kutoka pwani, nyaya za nchi kavu hupanda hadi Nairobi, hupita Nakuru na Eldoret, hushuka magharibi na kuingia Uganda kupitia miji miwili ya mpakani, Malaba hapa na Busia. Uganda haina bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti inayotumika Kampala imepita kwanza chini ya udongo huu. Yule dereva aliyeachwa nyuma na goli alikuwa ameketi hatua chache kutoka mtaro uliofukiwa uzi wa kioo unaolisha nchi nzima ya jirani. Ni kama mtu kushikwa na kiu akiwa amekalia bomba.

Basi tuanze na umbali, kwa sababu wengi hudhani ndio wenye kosa. Satelaiti inayolisha dishi la hoteli iko juu yetu kilomita 35,786. Mawimbi yakipanda na kushuka huko hutumia karibu robo ya sekunde. Uzi wa kioo hubeba mwanga kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde; hata tukikadiria nyaya za kilomita 15,000 kutoka Ulaya hadi hapa, mwanga huo utafika kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha. Kwa mbio tupu, uzi ulio chini ya miguu yetu unaishinda satelaiti. Lakini hotelini wanashangilia kwanza, na si kwa tofauti ya kupepesa macho. Wanatangulia kwa nusu dakika.

Kinachochelewesha ni namna mzigo unavyofungwa, na kwa hilo Busia ina mfano wake wa kuzaliwa. Neno boda boda ni la mpaka huu. Tangu miaka ya 1960, kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe, na vijana wenye baiskeli walibeba watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, wakiwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka lililogeuka midomoni mwao kuwa boda. Baiskeli moja, abiria mmoja. Kijiji kizima kikitaka kuvuka, kitavuka, ila mtu mmoja mmoja.

Video ya intaneti huvuka hivyo hivyo. Dishi hupokea mvua ambayo inawanyeshea wote kwa pamoja. Walio na dishi kumi au elfu kumi hawaiongezei satelaiti kazi hata chembe. Simu haipati mvua. Mechi ikitoka uwanjani hukatwa vipande, na kila kipande huwekwa kwenye seva kama abiria anayesubiri. Simu yako ndiyo inayoita: nipe kipande cha 301. Kikifika, inaita cha 302. Jirani yako anapoketi karibu nawe kutazama mechi hiyo hiyo, simu yake inaita vipande vyake vyenyewe, na kipande kile kile kinasafiri tena kutoka mwanzo kwa baiskeli nyingine.

Mtindo huu ulienea sana baada ya Apple kuutoa mwaka 2009. Mwanzoni walishauri kila kipande kiwe cha sekunde 10, baadaye wakashauri 6, na simu kwa kawaida hutaka kuwa na vipande kama vitatu mkononi kabla ya kuanza kuonyesha. Piga hesabu: vitatu mara 6 ni 18, vitatu mara 10 ni 30. Ongeza muda wa kuibana picha, wa kuikata, wa kuipeleka kwenye seva zilizo karibu na watazamaji. Hapo ndipo zilipopotelea zile sekunde nilizokuwa nikizihesabu kwenye benchi. Mwanga haukuchelewa. Simu ilisubiri kipande kikamilike, kisha kingine, kisha kingine.

Kwa nini isionyeshe tu kile ilichopata? Waulize wenye vituo vya mafuta Uganda. Januari 2022, serikali yao ilipodai vipimo vya Korona kwa kila dereva wa lori, madereva waligoma, foleni ya Malaba ikajazana, na punde petroli ikaadimika Kampala, bei ikapaa. Mwenye tangi kubwa lililojaa aliuza kwa siku kadhaa zaidi. Mwenye kutegemea lori la leo alifunga siku ile ile. Vile vipande vitatu ni tangi la simu. Mawimbi yakiyumba kwa sekunde 10, wewe unaendelea kutazama kilichomo kwenye tangi bila kujua kwamba kuna lililotokea. Tangi likikauka, kiduara kinaanza kuzunguka.

Filamu ina nafuu kubwa hapa. Simu inaweza kupakua dakika nyingi za mbele za filamu, kwa sababu filamu ilishatengenezwa zamani, mwisho wake uko ghalani tayari. Mpira hauna ghala. Dakika ya 70 haiwezi kuhifadhiwa wakati wachezaji wako dakika ya 69. Kwa hiyo tangi la mechi haliwezi kamwe kuwa kubwa kuliko muda ambao mtazamaji yuko radhi kuchelewa. Hiyo ndiyo kamba ambayo wahandisi wote wa fani hii wanaivutana: ukitaka picha isiyokatika, chelewa zaidi, ukitaka goli la papo hapo, kubali kukwama. Mwaka 2019 Apple walitangaza njia ya kukata vipande vidogo zaidi ili kupunguza kuchelewa, na inafanya kazi vizuri pale ambapo mtandao umetulia. Kwa Busia na Malaba ya sasa, msimamo wangu ni kwamba afadhali goli lifike likiwa zima baada ya sekunde 40 kuliko lifike vipande vipande baada ya 5. Wanaopanga hizi huduma wakiwa kwenye miji yenye mtandao thabiti hawalioni hili kwa urahisi, na ningependa sana waje waketi kwenye benchi lile.

Kuna ugumu mwingine uliomo ndani ya mpira wenyewe. Video hubanwa kwa ujanja mmoja mkubwa: badala ya kutuma picha nzima 25 au 50 kila sekunde, hutumwa picha moja kamili, kisha yale tu yaliyobadilika. Msomaji habari wa runinga ni mzigo mwepesi. Ukuta nyuma yake hausogei, midomo ndiyo inayocheza. Kwenye mechi, kamera ikikimbia na winga, kila jani la nyasi limebadilika mahali, na mashabiki elfu 50 wamebadilika pia. Mtandao ukidhoofika, simu hupima jinsi kipande kilichopita kilivyochelewa, halafu inaomba kinachofuata kiwe cha ubora wa chini. Ni uamuzi wa busara, lakini tazama unachopoteza. Kamera ya pembeni huonyesha kama mita 55 za uwanja kwa upana. Mpira wa miguu una kipenyo cha sentimita 22. Kwenye picha ya ubora wa 1080, mpira huo una upana wa nukta 7 au 8. Kwenye ubora wa 240, ambao simu nyingi za foleni ya Malaba huishia, unabaki chini ya nukta 2. Mpira unayeyuka ndani ya nyasi. Nimeona wanaume wazima wakibishana kama shuti lilipigwa au halikupigwa, wote wakiwa wanatazama kioo kimoja.

Halafu kuna watu wenyewe. Mlingoti wa simu haumpi kila mtu barabara yake. Wote waliounganishwa nao wanagawana barabara moja. Siku za kawaida mwendo ni mzuri. Jumamosi jioni mechi kubwa inapoanza, wafanyabiashara wa soko la Busia, wabadilishaji fedha, madereva, wanafunzi, wote wanabonyeza kwa dakika moja. Upande mmoja wa mlingoti wa 4G hutajwa kuweza kubeba, kwenye karatasi, kama megabiti 150 kwa sekunde, na mitaani huwa ni pungufu ya hapo sana. Simu 100 zinazotaka megabiti 3 kila moja zinadai 300. Hakuna uchawi wa kuifanya 300 ipite kwenye 150.

Wala hili si shida ya maskini peke yao. Novemba 15, 2024, Netflix walipoonyesha pambano la Mike Tyson na Jake Paul kutoka Arlington, Texas, mitiririko milioni 65 iliunganishwa kwa wakati mmoja pambano lilipopamba moto, na watu wengi wakaona picha ikiganda au ikififia. Kampuni hiyo ilikuwa na miaka mingi ya kusambaza filamu bila matatizo. Wahindi ndio waliotangulia kujifunza. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, Novemba 19, 2023, huduma ya Hotstar ilibeba watazamaji milioni 59 kwa mpigo. Wahandisi wake wamewahi kueleza siri yao, nayo ni ya kimama kabisa: washa seva zote mapema kabla wageni hawajafika, na msongamano ukizidi, zima mapambo yote na ubaki na chakula, yaani picha ya mechi tu.

Sasa nirudi kwa yule dereva wa pili, wa laini ya Uganda, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kisa cha mpaka.

Simu haijui mto Malaba ulipo. Kule Busia, mpaka unapokatiza katikati ya mji, haijui ni duka lipi la Kenya na lipi la Uganda. Inajua nguvu ya mawimbi tu. Ukiwa Malaba ya Kenya na laini ya Uganda, mlingoti wa ng'ambo unaweza kukufikia vizuri bila wewe kuondoka kwenye benchi. Lakini data yako haitoki Nairobi. Inabidi ipitie mitambo ya kampuni yako Kampala, umbali wa kilomita 200 na ushei. Video inatoka pwani ya Mombasa, inapita chini ya barabara ya Malaba pale pale ulipoketi, inakwenda hadi Kampala, inahesabiwa huko, kisha inarudi hadi mlingoti wa Uganda, na kutoka juu ya mlingoti inaruka mto kuja kwako. Goli limevuka mpaka mara mbili ili kumfikia mtu ambaye hakuuvuka hata mara moja.

Mwenye laini ya Kenya naye hajasalimika. Mlingoti wake ukilemewa, simu yake inaweza kukamata wa Uganda bila kumwuliza. Hapo anahesabiwa kuwa msafiri, na data ya msafiri kwa kawaida hurudishwa kwao nyumbani kwanza. Inatoka Nairobi, inakwenda kwa kampuni ya ng'ambo, inamfuata hadi Malaba, na salio lake linayeyuka huku akidhani yuko kwao. Oktoba 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza utaratibu wa kuondoa tozo za ziada za kupiga simu kuvuka mipaka, na Sudan Kusini ikawemo. Ulikuwa uamuzi mwema, ila uliwalenga wanaozungumza. Anayetazama hakupata unafuu wa kiwango kile. Vijana wa hapa wanajua dawa: ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua mtandao kwa mkono, kataa simu isijichagulie. Mgeni hajui, na hujua usiku bando likishakwisha.

Niseme kwa haki kwamba hizo kilomita 400 za ziada, kwenda na kurudi Kampala, hazimgharimu yule dereva zaidi ya sehemu mbili za elfu za sekunde. Zinazomgharimu ni vituo. Kila mtambo unaoipokea na kuipitisha data una foleni yake, na foleni yoyote ikijaa, kipande chake kinasubiri. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo lori husimama mara moja tu badala ya mara mbili. Video haijapata kituo cha pamoja. Inasimama kila mahali.

Na njia yenyewe inaweza kukatika mbali kabisa na hapa. Jumapili, Mei 12, 2024, asubuhi, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Jioni ya siku hiyo Manchester United walikuwa wakiikaribisha Arsenal Old Trafford, katika msimu ambao Arsenal walikuwa wakiutafuta ubingwa. Ungesema Afrika Kusini na Malaba wapi na wapi? Lakini miezi mitatu kabla, Februari, nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu zilikuwa zimeharibiwa, SEACOM ikiwemo, kwa hiyo mlango wa kaskazini tayari ulikuwa umebanwa. Nyingi za huduma tunazotumia zimewekwa kwenye seva za Afrika Kusini, na SuperSport yenyewe makao yake ni Randburg, jirani na Johannesburg. Intaneti ya Kenya, Uganda na Tanzania ikawa inakwenda kwa mwendo wa kobe. Leandro Trossard alifunga dakika ya 20, likawa goli pekee la mechi. Wenye dishi waliliona kama kawaida. Wenye simu wengi wao walilisikia.

Kuna siku njia inakatwa kwa amri. Uganda ilipopiga kura Januari 14, 2021, intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia jioni iliyotangulia, ikarudi Januari 18. Katikati yake, Jumapili ya tarehe 17, ilikuwapo Liverpool na Manchester United, 0-0. Busia ikagawanyika kwa namna ambayo hakuna ukuta uliowahi kuigawa: hatua mia moja, upande mmoja una mtandao, upande wa pili hauna. Hiyo ndiyo siku laini ya Kenya ilipokuwa na thamani ng'ambo.

Stima nayo nitaipitia haraka, kwa kuwa kila Mkenya anaijua. Ijumaa, Agosti 25, 2023, giza lilitanda sehemu kubwa ya nchi saa nne kasorobo usiku, dakika 15 kabla ya Chelsea kuanza na Luton. Mlingoti una betri zake na jenereta, lakini waifai ya hoteli haina.

Ukishinda hayo yote, linabaki la mfuko. Picha ya megabiti 3 kwa sekunde hula gigabaiti 1.35 kwa saa. Mechi na mapumziko yake ni saa mbili, yaani gigabaiti 2.7. Ukishusha ubora hadi megabiti 1, bado unakaribia gigabaiti moja kwa mechi moja. Mwendesha boda anayehesabu lita ya petroli hawezi kulipia hilo kila wikendi, wala hapaswi kulaumiwa kwa kutafuta viungo vya wizi vinavyozagaa kwenye makundi ya WhatsApp, ingawa viungo hivyo ndivyo vya kwanza kuanguka mechi inapopamba moto.

Kwa hiyo watu wa mpaka wamefanya walichofanya tangu enzi za kanda za video: wanakusanyika. Ng'ambo wanapaita kibanda, na Waganda wametumia neno hilo hilo kwa ukumbi wa filamu na mpira. Tanzania wanasema kibanda umiza. Huku kwetu ni banda tu: mabati, viti vya mbao, runinga mbili, dishi juu, jenereta nyuma, kiingilio kidogo mlangoni. Nimekaa kwenye mabanda haya tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba yana sayansi ndani yake. Yanayo. Wale watu 100 ambao wangeulemea mlingoti kwa megabiti 300 wanatazama ishara moja. Wahandisi wa simu wanaitafuta hali hiyo hiyo: kwenye viwango vya 4G imo njia ya mlingoti kurusha video moja ikapokelewa na simu zote kwa mpigo, kama mvua ya dishi, na kampuni nyingi duniani hazikuwahi kuiwasha. Banda liliiwasha zamani. Ndani yake goli linafungwa mara moja, kwa wote, na anayeruka haruki peke yake. Agosti 2025, Kenya na Uganda zilipokuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania, Harambee Stars waliishinda Morocco 1-0 Kasarani wakiwa wachezaji 10, na siku nane baadaye Uganda wakachomoa kutoka 3-1 hadi 3-3 dhidi ya Afrika Kusini kwa mikwaju miwili ya penalti dakika za mwisho. Fikiria kuzitazama penalti zile kwenye simu iliyochelewa nusu dakika, mji jirani ukiwa umeshakutangazia kwa kelele kwamba imeingia.

Ninaloliombea ni upande wa pili wa njia: picha zinazotoka hapa. Mashindano ya vijiji na ya shule za Busia hayana gari la matangazo wala dishi la kurushia. Yana kijana mmoja amesimama juu ya tofali, simu mkononi, akirusha moja kwa moja kwa Facebook ili kaka aliye Qatar amwone mdogo wake akicheza. Kurusha ni kugumu kuliko kupokea. Mlingoti hutoa sauti yake kwa makumi ya wati. Simu inajibu kwa 0.2. Ni mtu anayenong'ona kumjibu mwenye kipaza sauti. Kijana akigeuka akaupa mlingoti mgongo, mwili wake mwenyewe unaziba mawimbi, na huko Qatar picha inaganda. Betri inachemka juani. Na tangu Januari 2021 Facebook ilipofungwa Uganda, shangazi wa mchezaji huyo aliye Busia ya pili, ambaye angeweza kusikia filimbi ya refa kwa masikio yake, amehitaji VPN ili kumwona mpwawe. Kaka wa Qatar hakuihitaji. Katika yote niliyoyaandika kwenye sura hii, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwa sababu halikusababishwa na bahari wala uzi wala mlingoti.

Nilirudi kwa mama wa chai Jumamosi nyingine. Mechi ilikuwa sare, dakika za nyongeza, na foleni ikaamua kusonga wakati huo huo. Injini zikanguruma moja baada ya nyingine. Dereva mmoja mwenye nywele za mvi akapanda kwenye kibini; utingo wake akabaki chini, akitembea kando ya tairi, simu ameishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

"Vipi huko, kijana?" dereva akauliza kutoka juu.

"Bado, mzee."

Lori likavuta mita chache, likasimama, likavuta tena. Lango likawa linaonekana. Hotelini nyuma yetu kelele zikapasuka, nusu za furaha, nusu za kilio, usiweze kujua ni za nani.

"Nani amefunga?"

Utingo akakitazama kioo. Kipa alikuwa ameukumbatia mpira, anawaonyesha mabeki wake kwa mkono wasogee mbele.

"Bado, mzee," akasema, na wakaingia langoni.